Siku nane kwa hema: Mto Naili na visiwa vya Ssese

Njia hii inaanzia Kampala, inakwenda Jinja kwenye Mto Naili, inarudi hadi Entebbe, kisha inavuka Ziwa Viktoria kuelekea Buggala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese. Miezi inayofaa ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ni nyingi na barabara za udongo mwekundu huteleza hadi boda boda zenyewe zinakataa abiria wenye mizigo.

Jambo moja lieleweke kabla ya kufunga begi. Mtoni hatari ina mahali pake: poromoko unalisikia ukiwa mbali, jiwe unaliona, na ukijua lilipo unaweza kulikwepa. Ziwani hatari ina saa yake. Ghuba ileile iliyotulia saa 4 asubuhi inaweza kuwa haivukiki saa 10 jioni. Wengi wanaopata shida Ssese ni watu waliozoea mto, wakadhani maji ni maji tu.

Siku ya 1: Kampala hadi Jinja

Mizigo ya watu wanne: mahema mawili ya watu watatu watatu (hema la "watu wawili" halina nafasi ya mabegi, na begi likigusa ukuta wa hema usiku wa mvua, maji hupenya hapo hapo), turubai la mita 3 kwa 4, kamba ya milimita 4 yenye urefu wa mita 30, jerikeni mbili za lita 20, sigiri moja na mkaa, sufuria mbili zenye vifuniko, chandarua kwa kila mtu, na tochi za kichwani zenye betri za akiba. Vigingi vinavyokuja na hema ni vya udongo mgumu. Ongeza 8 vya sentimita 30 kwa ajili ya mchanga wa visiwani. Unga wa posho (ugali), hesabu gramu 150 kwa mtu kwa mlo. Maji ya kunywa na kupikia, lita 5 kwa mtu kwa siku.

Barabara ni kama kilomita 80, lakini foleni ya kutoka Kampala hadi Mukono inaweza kula saa mbili. Ondoka kabla ya saa 12 asubuhi. Najjembe, ndani ya msitu wa Mabira, ndipo mahali pa kusimama: kuku wa mishikaki, gonja (ndizi) ya kuchoma, na maji. Daraja jipya la Jinja, lile lililofunguliwa Oktoba 2018, halina ruhusa ya kusimama. Karibu na mabwawa ya umeme usitoe kamera; kuna walinzi, na hawana mzaha.

Chanzo cha Naili, mahali alipofika mpelelezi Mwingereza John Speke mwaka 1862, leo ni maji yanayotiririka kimya kimya. Maporomoko ya Ripon yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, bwawa ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Maporomoko ya Bujagali nayo yalianza kuzamishwa na bwawa lingine Novemba 2011. Kwa hiyo usiku wa kwanza hema linawekwa juu ya ziwa la bwawa la Bujagali, kwenye maji tulivu, na hapo ni pazuri pa kuanzia: kama kuna kifaa kimesahaulika, mji uko karibu.

Tafuta ardhi yenye mteremko mdogo sana, kichwa kikiwa upande wa juu. Turubai la chini ya hema lazima liwe dogo kuliko sakafu ya hema. Kingo zake zikunjwe kwa ndani sentimita 5 kila upande, zisionekane. Likichomoza nje, linakinga mvua inayoteremka ukutani na kuiingiza chini ya migongo yenu. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuamka wamelowa huku wakilaumu hema zima lisilo na kosa. Kigingi kiingie kwa mshazari, kichwa kikilala mbali na hema, na kamba ivutwe hadi ukiigonga kwa kidole inatikisika bila kulegea. Saa 3 usiku zikaze tena, kwani kamba za nailoni hurefuka zikipata umande.

Chakula kikae ndani ya gari au kwenye debe lenye kifuniko cha kubana. Tumbili wa Bujagali wanajua kufungua zipu.

Siku ya 2: Bujagali hadi Kalagala na Itanda

Chini ya bwawa la Bujagali mto unarudi kuwa mto. Hapa ndipo boti za mpira huingia majini, na hapa ndipo mambo mawili yanapaswa kushikwa vizuri.

La kwanza ni kimo cha maji. Maji haya yanapita kwenye mashine za umeme, hivyo yanapanda na kushuka ndani ya saa chache kulingana na umeme unaohitajika, hata kama hakuna tone la mvua lililonyesha. Mchanga mkavu na mzuri kando ya maji saa 9 alasiri si kitanda cha usiku. Kabla ya kuchagua mahali, tafuta alama ya maji makubwa: mstari wa vijiti na majani yaliyokauka, mabaki ya magugu maji yaliyonasa kwenye vichaka, mpaka wa rangi kwenye mawe. Hema liwe angalau mita 2 kwenda juu ya alama hiyo. Kisha chomeka kijiti pale pale maji yanapoishia na ukiangalie kila nusu saa. Kikizama, au kikibaki nchi kavu, unajua mto unaelekea wapi. Mtumbwi au kayaki ivutwe juu kabisa na kufungwa kwenye mti, hata kama mnakwenda kula tu.

La pili ni jaketi la kuokolea. Mwombe mwenzako ashike mabega ya jaketi lako na kulivuta juu kwa nguvu. Likipita kidevu, ni kubwa mno au mikanda imelegea, na majini litakutoka kichwani. Mikanda ikazwe kuanzia ya chini kwenda juu. Helmeti ikae usawa wa paji la uso. Ikisukumwa nyuma inaacha wazi sehemu ile ile inayogonga jiwe.

Ukianguka majini, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, na mikono ikielekeza. Usijaribu kusimama mpaka maji yawe chini ya magoti. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi, na mtu anaweza kuzama kwenye maji ya kiunoni. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna maji yanayorudi kinyume na mkondo, na hapo ndipo pa kupumzikia. Geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu kwa mshazari, uingie humo. Kamba ya kurushia, mita 20 kwenye mfuko wake, irushwe ipite juu ya bega la anayeogelea na kulala mbele yake. Mrushaji akae chini au ajishikize kwenye mti, asijifunge kamba mwilini kamwe.

Mchana msafara unafika kwenye maporomoko ya Kalagala upande wa magharibi na Itanda upande wa mashariki. Kwa kipimo cha ugumu wa maporomoko, Itanda iko daraja la 6, daraja la mwisho. Waongozaji huwashusha abiria, boti hubebwa nchi kavu, na wote huingia tena majini chini ya sehemu mbaya. Mwongozaji akikwambia "leo twende tu," shuka.

Maporomoko haya bado yapo kwa sababu ya makubaliano ya mwaka 2007 kati ya serikali na Benki ya Dunia, yaliyoitenga Kalagala isijengewe bwawa kama fidia ya kuizamisha Bujagali. Hata hivyo bwawa la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019 upande wa chini, limetandaza maji yake juu ya sehemu ya mto iliyokuwa ikitumiwa na waendesha kayaki. Anayepiga kambi hapa alale akijua kwamba ngurumo anayoisikia ni kati ya chache zilizobaki kwenye kipande hiki cha Naili.

Kalagala pia ni mahali pa ibada. Kuna miti na mapango yenye wenyewe, na wazee wanaopatunza wako hapo hapo. Waone kabla ya kutandika hema, uliza wapi hapakanyagwi, na usikate hata kijiti. Kuni nunua kijijini. Ukilala nje ya kambi rasmi, kwanza mwone mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kitambulisho mkononi. Akishajua mko wangapi na mnaondoka lini, kijiji kizima kitajua, na huo ndio ulinzi wenyewe.

Choo: shimo la sentimita 20, mita 60 au zaidi kutoka majini, lifukiwe. Kaveera (mifuko ya plastiki) zote zirudi nanyi.

Siku ya 3: Itanda hadi Entebbe

Siku ya barabara. Anikeni kila kitu kwa saa mbili kabla ya kufunga, hasa mishono ya hema. Hema lililofungwa mbichi na kukaa kwenye buti la gari mchana kutwa linaanza kuota ukungu kesho yake, na ukungu hula ile rangi ya ndani inayozuia maji. Lala Entebbe. Jaza gesi au mkaa, nunua limau, chumvi na vitunguu, maana kisiwani bei inapanda.

Siku ya 4: Nakiwogo hadi Lutoboka

Feri ya MV Kalangala kwa ratiba yake ya kawaida huondoka Nakiwogo, gati la Entebbe, saa 8 mchana na kufika Lutoboka, gati la Buggala, baada ya saa tatu na nusu hivi. Kurudi huondoka Lutoboka saa 2 asubuhi. Ratiba hubadilika meli ikiwa kwenye matengenezo, kwa hiyo piga simu siku moja kabla, na uwe gatini saa 6. Kati ya Entebbe na Buggala meli inakata ikweta, kwa hiyo hesabu ya mwanga ni rahisi: unateremka kama saa 11 na nusu, jua linazama kama saa 1 kasoro. Una saa moja na dakika chache za kusimamisha kambi. Amua mapema unalala wapi. Kutafuta mahali baada ya kuteremka ni kujitafutia usiku wa tochi.

Usiamini picha za zamani za fukwe hizi. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kidogo rekodi ya 1964, na mchanga mwingi mpana ulimezwa. Mwezi mmoja kabla, kisiwa kinachoelea cha mafunjo na udongo kilisukumwa na maji hadi kwenye mashine za Nalubaale na kuzima umeme karibu nchi nzima. Miti iliyokufa imesimama majini ndiyo kipimo chako: ukingo wa zamani ulikuwa huko, na ziwa likishafika mahali linaweza kurudi.

Mchanga haushiki kigingi cha kawaida. Jaza mfuko wa nguo mchanga, ufunge kamba ya hema katikati yake, uufukie sentimita 30 kwenda chini, kisha kanyaga juu. Mifuko minne upande wa upepo inatosha. Mlango wa hema uelekee nchi kavu.

Siku zinazozunguka mwezi mwandamo, wadudu wadogo wa ziwa huinuka majini kwa mamilioni na kusukumwa na upepo hadi nchi kavu. Hawaumi, ila wanaingia puani, kwenye sufuria na kwenye taa. Pikeni kabla ya giza, taa moja iwekwe mita 10 kutoka kambini iwavute huko, na za kichwani zizimwe.

Siku ya 5: Buggala

Kisiwa hiki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya usiku wa manane na asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unatoka pande zote kuelekea majini, hewa yenye unyevu inapanda juu ya ziwa, radi inazaliwa. Kwa hiyo anga lenye nyota saa 4 usiku halikuahidi chochote. Kila usiku lala kama mvua itakuja saa 10 alfajiri: viatu ndani, mkaa chini ya turubai, njia ya maji ya mvua imeshaangaliwa. Usichimbe mtaro kuzunguka hema. Chagua tu mahali ambapo maji hayapiti.

Radi ikianza, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi mlio na ugawanye kwa 3 upate kilomita. Zikiwa chini ya sekunde 30, watu wote watoke majini na waondoke ufukweni, na wasirudi mpaka nusu saa ipite bila mlio.

Asubuhi ikishatulia, matembezi ya msitu. Mashamba ya michikichi yamechukua sehemu kubwa ya Buggala, na misitu iliyosalia ina hadhi tofauti tofauti. Iliyo hifadhi ya serikali huingiwi bila ruhusa ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Ndani yake adui wa kambi ni siafu. Wanatembea baada ya mvua, usiku hasa, na hawalizunguki hema. Ukiona msafara wao mwembamba jioni, hamisha hema mita 30 mara moja. Wakishaingia, usimwage maji. Toeni watu na vyakula, acheni milango wazi, watapita wenyewe. Majivu ya sigiri yaliyomwagwa kwa mduara mnene huwachelewesha, ila mvua ikinyesha hayafai tena.

Sasa kichocho, ambacho wageni hukichukulia kirahisi kupita kiasi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji matulivu yenye majani, wengi zaidi mchana jua likiwa kali, na huingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache. Ghuba nzuri ya kuogea, yenye mwalo wa wavuvi pembeni, watoto wanaocheza na akina mama wanaofua, ndiyo ghuba yenyewe. Kujifuta kwa taulo haraka kunasaidia kidogo tu. Maji ya kuoga yachotwe na yakae kwenye jerikeni iliyofunikwa siku mbili kamili, au yachemke dakika 1. Ya kunywa yachemshwe vivyo hivyo, maana kukaa hakuui bakteria. Ndiyo maana jerikeni ni mbili: moja inakaa, moja inatumika. Mtoni kwenye mkondo mkali uwezekano ni mdogo, lakini pale boti zinapoegeshwa kwenye majani ni hadithi ileile.

Mbung'o wana historia nzito hapa. Ugonjwa wa malale wanaoueneza, kati ya 1900 na 1920, uliua takriban watu 250,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda, na serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Ssese karibu wote. Ukipita msitu mkubwa ukadhani haujawahi kuwa na mtu, mara nyingi ulikuwa kijiji.

Siku ya 6: Boti hadi kisiwa kidogo

Banda na Bukasa ndivyo vinavyopendwa na wapiga kambi. Usafiri ni boti za mbao zenye mashine, na ukaguzi wake unachukua dakika 10.

Angalia ndani kwanza. Maji kidogo chini ni kawaida. Maji yanayoongezeka ukiyatazama si kawaida. Kuwe na kopo la kuchotea na kafi mbili. Watu na mizigo wakishaingia, ukingo ubaki angalau sentimita 30 juu ya maji. Ukipungua, mtu ashuke au mzigo ushuke. Mizigo mizito iwe katikati na chini, na kila begi lifungwe na kitu kinachoelea.

Kisha mashine. Nyingi huchanganya petroli na oili, kwa kawaida mililita 20 kwa kila lita, yaani mililita 400 kwenye jerikeni ya lita 20. Oili ikipungua mashine inaganda katikati ya ziwa. Ikizidi plagi zinashika masizi na mashine inakohoa kila inapopunguzwa mwendo. Uliza kama kuna plagi ya akiba na spana yake. Petroli ya mialoni ichujwe kwa kitambaa safi, maana maji ndani yake huzima mashine wakati wa mawimbi, tangi linapotikiswa. Ikiwaka, tazama mchirizi mdogo wa maji ya kupozea unaoruka nyuma. Usipoonekana, magugu yameziba njia ya maji. Izimwe papo hapo na isafishwe.

Saa ya kuondoka ni baada ya mvua ya asubuhi kupita, mara nyingi kati ya saa 3 na saa 4, na muwe mmeshafika kabla ya saa 8. Alasiri upepo wa ziwa hushika nguvu, na mawimbi ya Viktoria ni mafupi na yaliyosimama: boti haipati muda wa kupanda moja kabla ya lingine. Nahodha akiyapokea kwa mshazari wa pua, tulieni na mkae chini. Watu wanaosimama au kuhamia upande mmoja ndio hupindua boti. Jaketi livaliwe kabla ya kuondoka mwaloni, si kukaliwa kama mto.

Usiku msitoke na boti. Mwaka 2017 wanajeshi walipelekwa ziwani kusimamia uvuvi, na boti isiyo na taa wala sababu inaweza kusimamishwa. Nyavu na ndoana zenu ziacheni nyumbani. Samaki nunueni mwaloni asubuhi. Sato wa nusu kilo, akichanjwa mara tatu kila upande, akapakwa chumvi na limau, anaiva dakika 12 upande wa kwanza na 8 upande wa pili juu ya mkaa uliokwisha moshi. Jicho likiwa jeupe kabisa, ameiva. Mukene (dagaa) aoshwe kwenye maji ya moto mara mbili kuondoa mchanga.

Siku ya 7: Kurudi Buggala

Boti ileile, saa zilezile. Anga la mashariki likiwa jeusi asubuhi, ngojeni hata kama ni siku nzima. Ndiyo maana chakula cha siku moja ya ziada kinabebwa. Mwenye homa asisubiri: Kalangala mjini kuna kituo cha afya cha daraja la IV, na malaria visiwani ni ya kweli, chandarua au bila chandarua.

Siku ya 8: Luuku, Bukakata, Masaka

Badala ya kurudi na MV Kalangala, pitia magharibi: taksi kutoka Kalangala hadi Luuku, kisha feri ya bure hadi Bukakata, kisha Masaka na Kampala. Faida yake ni kwamba inakwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, hivyo ukikosa moja hujapoteza siku. Foleni ya magari hurefuka Jumapili mchana. Mtembea kwa miguu hupita mbele.

Nyumbani, hema lioshwe kwa maji matupu bila sabuni, likauke kivulini. Kisha weka alama kwenye kalenda, wiki 6 hadi 8 baada ya siku ya mwisho ya kugusa maji, ndiyo siku ya kwenda kupimwa kichocho na kupata prazikwanteli. Ikimezwa mapema mno haifanyi kazi vizuri, kwani huua minyoo iliyokomaa tu. Kipimo chake ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Homa, kikohozi au vipele vikitokea kabla ya hapo, mwambie daktari wazi kwamba uliogelea ziwani, na umtajie tarehe.